Saratani ya Rektamu Ikirudi: Njia za Matibabu Unazofaa Kujua Kabla Muuze Shamba

Mzae alifanyiwa operesheni, akamaliza kemo, mkarudi zenu Naitiri mkidhani hiyo stori imeisha. Halafu damu inaonekana tena kwa choo, ama maumivu ya nyonga yanakataa kuisha. Majirani wanasema ni bawasiri. Msibahatishe, rudini hospitali. Saratani hii ikirudi, mara nyingi hurudi ndani ya miaka 3 ya kwanza.

Swali la kwanza ni: imerudi wapi? Skeni za CT na MRI, kolonoskopi na biopsi ndizo hujibu.

Imerudi palepale. Kama inaweza kutolewa yote, operesheni ndiyo tumaini kubwa la kupona. Hii ni kazi nzito: saa zingine kibofu au mfuko wa uzazi pia hutolewa, na mgonjwa anaweza kubaki akitumia mfuko wa choo tumboni. Kama hakuwahi kupigwa mionzi, mara nyingi huanza na mionzi pamoja na kemo ndio uvimbe upungue. Kama alishapigwa, kurudia kunawezekana kwa wengine, lakini kwa hesabu kali.

Imeenda kwa ini ama mapafu. Vivimbe vikiwa vichache, vinaweza kukatwa. Usiskie "imefika ini" ukadhani ni game over.

Imesambaa sana. Kemo huipunguza kasi. Ulizeni uvimbe upimwe jeni, juu kuna wagonjwa wachache ambao imunotherapia huwafanyia kazi poa kuliko kemo.

Kupunguza mateso. Mionzi ya maumivu, mofini, ama njia mpya ya choo utumbo ukiziba. Hii si kukata tamaa, ni matibabu, na inaweza kuanza mapema.

Kutoka Naitiri, hospitali kubwa ya rufaa iliyo karibu ni MTRH, Eldoret. Bebeni ripoti ya operesheni, ya biopsi, majina ya dawa za kemo na kiasi cha mionzi alichopewa. Bila hizo, daktari anaanza gizani. SHA ina pakeji ya saratani, lakini ina kikomo cha mwaka, so ulizeni imebaki ngapi mapema.

Na aibu wekeni kando. Ken Okoth, aliyekuwa mbunge wa Kibra, aliongea wazi kuhusu saratani yake ya utumbo mwaka wa 2019, miezi michache kabla aage. Mzae akinyamaza juu ya choo chake, wewe muulize.