Jaketi okozi: kwa nini tufundishwe kabla meli haijaondoka?

Ukitoka Ibighi ukashuka Kyela hadi bandarini kupanda meli ya Ziwa Nyasa, jiulize: nitaonyeshwa lini kuvaa jaketi okozi?

Kwa safari ndefu za kimataifa, sheria ya zamani ilitoa saa 24 baada ya abiria kupanda. Januari 13, 2012, Costa Concordia iliondoka Civitavecchia, Italia, jioni. Abiria karibu 700 waliopandia hapo walipangiwa mazoezi kesho yake. Kabla ya saa nne usiku meli ikagonga mwamba. Watu 32 wakafa. Tangu Januari 1, 2015, mazoezi ni kabla ya kuondoka au mara tu baada ya hapo.

Somo hilo sisi tulikuwa nalo mapema. MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza Mei 21, 1996, ikitoka Bukoba, safari ya usiku mmoja tu. Saa 24 zingeikuta chini ya maji.

Na jaketi lina fizikia yake: linakusukuma juu. Meli ikipinduka ukiwa ndani, huko juu utakuta sakafu. Kwa hiyo kujua kufunga mikanda hakutoshi. Jua pia mlango wa kutokea. Usione aibu kuuliza.