Taa ya mafuta ya breki

Taa ya mafuta ya breki ni taa nyekundu ya dashibodi inayomjulisha dereva kwamba mafuta ya breki yamepungua kwenye kichupa chake chini ya boneti. Huoneshwa kwa alama ya mshangao ndani ya duara. Katika magari mengi yaliyotumika Japani, ambayo ndiyo yamejaa Kinondoni na Temeke jijini Dar es Salaam, taa hiyohiyo huwaka pia hendibreki ikiwa imevutwa, kwa hiyo ukaguzi huanza kwa kuishusha hadi mwisho. Ndani ya kichupa mna boya lenye sumaku. Likishuka karibu na mstari wa MIN, swichi hujifunga na taa ikawaka. Mafuta yakiwa karibu na mstari huo, taa huanza kwa kuwaka na kuzimika kwenye kona, mteremko au breki ya ghafla, na madereva wengi huipuuza kwa sababu hiyo.

Mafuta ya breki hayaungui wala hayaliwi. Mguu ukikanyaga pedali, masta silinda huyasukuma kupitia mabomba hadi kwenye magurudumu. Mguu ukiachia, yanarudi. Yakipungua, yako mahali: ama yamejaza nafasi iliyoachwa na pedi zilizolika, ama yanavuja. Ndiyo maana desturi ya baadhi ya gereji bubu, kujaza kichupa na kumruhusu mteja aondoke, si matengenezo. Taa huzimika, tatizo likabaki palepale bila wa kulisemea.

Pedi zikilika, kiwango hushuka taratibu kwa miezi, na pedali hubaki juu na ngumu. Foleni za Barabara ya Kilwa kutoka Mbagala, au za Barabara ya Bagamoyo kutoka Bunju na Tegeta, huzila haraka, kwa kuwa dereva hukanyaga na kuachia breki safari nzima. Pedi iliyobakiwa na milimita 3 ni ya kubadilishwa. Fundi anaporudisha pistoni ndani ili pedi mpya zikae, mafuta hupanda yenyewe. Kichupa kilichokuwa kimejazwa hadi juu kitafurika, na mafuta hayo hubabua rangi ya gari yasipooshwa mara moja kwa maji.

Uvujaji ni jambo jingine kabisa. Hapo kiwango hushuka kwa siku au saa, na pedali huwa laini au huzama. Tafuta unyevu upande wa ndani wa kila gurudumu, kwenye mipira ya breki, na nyuma ya masta silinda inapokutana na busta. Kwenye dramu za nyuma, funua kofia za mpira za wili silinda: kukiwa na majimaji ndani, sili zimekwisha. Gari lenye pedali ya klachi mara nyingi hutumia kichupa kimoja kwa klachi na breki, basi kagua na silinda za klachi. Wakati wa masika, ardhi ikiwa imelowa, tandika boksi kavu chini ya gari usiku na ulitazame asubuhi. Mabomba ya chuma yanastahili tochi na muda: hewa ya bahari ya Kunduchi na Msasani huyatia kutu, na gari lililoishi kaskazini ya Japani, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji, linaweza kuja na kutu yake.

Kiwango kikiwa sawa na hendibreki iko chini, chomoa waya wa kichupa. Katika Toyota nyingi taa ikizimika hapo, boya au swichi ndiyo mbovu.

Kuhusu aina, fuata maandishi ya mfuniko. Toyota nyingi hutumia DOT 3, ambayo katika viwango vya Japani ni BF-3. DOT 4 inaweza kuchanganywa nayo. DOT 5 ya silikoni haichanganywi. Oili ya injini au haidroliki ya usukani haifai hata tone, maana huvimbisha sili, na dawa yake ni kubadilisha mipira yote ya mfumo. Maji nayo ni hatari. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na hewa ya Dar es Salaam ina unyevu mwingi. DOT 3 mpya huchemka kuanzia nyuzi 205 za Selsiasi. Yakiwa na maji asilimia 3.7, kiwango kinachotakiwa ni nyuzi 140 tu. Mjini, kwenye tambarare, dereva hatagundua. Atagundua akiteremka mlima wa Kitonga au milima ya Lushoto, breki zikipata moto na mvuke ukajitengeneza ndani ya mfumo. Kopo lililokaa wazi dukani lisinunuliwe, na mafuta yote yabadilishwe kila baada ya miaka miwili.

Baada ya kuziba uvujaji lazima upepo utolewe. Gari la usukani wa kulia kwa kawaida huanzia gurudumu la nyuma kushoto, kisha nyuma kulia, mbele kushoto na mbele kulia, isipokuwa mwongozo wake useme vingine. Mmoja anapampu na kushikilia pedali, mwingine anafungua nipo ya kutolea upepo na kuifunga kabla pedali haijaachiwa, na kichupa kisiachwe kikauke. Magari ya haibridi, kama Prius na Aqua, huhitaji mashine ya kompyuta. Fundi asiye nayo asiyaguse.

Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 inakataza kutembeza barabarani gari bovu. Ikiwa taa imewaka na pedali inazama, usiliendeshe gari hata hadi gereji ya mtaa wa pili. Mwite fundi alifuate lilipo.