Mita ya Pili

Stima ya usiku ya bei nafuu iliwahi kuuzwa Kenya zamani kabla gari la umeme halijazungumzwa, na iliuzwa kupitia mita ya pili. Aprili 2023 EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati, ilipoidhinisha bei ya pekee ya kuchaji vyombo vya umeme, shilingi 16 kwa yuniti saa za matumizi makubwa na shilingi 8 usiku, kabla ya kodi na tozo, wengi waliipokea kama uvumbuzi. Lakini jedwali la bei la 2008 lilikuwa na kitu cha ukoo huo huo: stima ya kuchemshia maji iliyokatwa jioni watu wanapopika na kuwasha taa, ikarudishwa mahitaji yakipungua. Hita ilikuwa na mita yake, mbali na ile ya nyumba. Tenki la maji moto, ukilitazama vizuri, ni betri: hujazwa watu wamelala, hutumiwa asubuhi. Bei hiyo haimo tena katika majedwali ya leo, na sidhani kuna aliyeililia mashambani, maana iliwafaa wenye tenki darini.

Soko la Giakanja, huko Tetu nje kidogo ya mji wa Nyeri, linaonyesha kwa nini mita ya pili ni jambo kubwa kuliko zile shilingi 8. Maji ya mito ya Chania na Gura yanayoshuka kutoka Nyandarua huingia Sagana, na Sagana ndiyo mwanzo wa Tana. Yakateremka kuzungusha mitambo ya stima ya Kindaruma tangu 1968, Kamburu 1974 na Gitaru 1978. Stima yenyewe ilikimbilia Nairobi na viwandani, ambako nguzo chache zilileta wateja wengi. Mpango wa stima vijijini ulianza 1973, lakini miaka arobaini baadaye kuunganishiwa bado kuligharimu shilingi 35,000. Ada ilishushwa hadi 15,000 mwaka 2015, kwa walio ndani ya umbali wa mita 600 kutoka kwenye transfoma. Mteja aliyeingia kwa mlango huo alikuja na balbu, redio na chaja ya simu, na bei za nyumbani zikapangwa zikimtazama yeye: kwa viwango vya 2023, aliyetumia yuniti zisizozidi 30 kwa mwezi alilipa takriban shilingi 12 kwa kila moja, na aliyepita 100 alilipa karibu 21.

Sasa liingize gari la umeme uani. Ngazi ya bei ya mteja hupimwa kwa wastani wa miezi mitatu, na akishapanda, yuniti zake zote hupanda naye. Nyumba ya yuniti 25 iliyokuwa ikilipa kama shilingi 300 ingelipa 525, kwa viwango hivyo, kwa taa zile zile, kwa sababu tu gari limechomekwa kwenye mita hiyo hiyo. Bei iliyowekwa kumlinda mnyonge humwadhibu siku anapojaribu kubadilisha chombo chake cha usafiri. Bei ya shilingi 8 ingemwokoa, ila nayo hudai mita ya kando, yaani maombi, fundi na waya mpya.

Atakayesema haya ni malalamiko ya kitajiri ana hoja. Hata kwa shilingi 21, yuniti 40 za kujaza betri ya gari dogo hazifiki shilingi 900 kabla ya kodi, na kwa kadirio la kilomita tano kwa yuniti, milima ikiwemo, zitakupeleka kilomita 200. Petroli ya safari hiyo, lita ikiwa zaidi ya shilingi 200 kama Septemba 2023, ingepita 3,000. Basi kilichomzuia mtu wa Giakanja kununua gari hilo si bei ya stima. Ni bei ya gari. Nakubali. Ila hoja hiyo hailigusi suala la nani hubeba mzigo wa ngazi, na bodaboda ya umeme, ambayo bei yake iko karibu zaidi na mfuko wa kijijini, nayo ikichajiwa nyumbani hupandisha wastani kwa njia ile ile.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: kwa nini mwenye gari auziwe kwa 8 na mwenye balbu kwa 12? Jibu liko Olkaria, ambako mtambo wa kwanza wa mvuke wa ardhini ulianza kazi 1981. Maji ya Tana yanaweza kungoja nyuma ya bwawa hadi asubuhi; mvuke haungoji, na usiku mahitaji yakishuka, sehemu yake huachwa ipotelee hewani. Anayenunua kati ya saa nne usiku na saa kumi na mbili asubuhi hununua kitu ambacho kingetupwa. Wala halazimiki kuichosha transfoma ya kijiji. Soketi ya kawaida hutoa kama kilowati tatu, chini ya hita ya bafuni ya papo kwa papo. Saa hizo nane ni yuniti 24, shilingi 192 kabla ya kodi, na hizo zinatosha kwenda mjini Nyeri na kurudi mara kadhaa. Kwa mantiki hiyo hiyo, hata balbu iwakayo saa sita usiku ingestahili bei ya 8. Haiipati, kwa kuwa mita ya tokeni iliyoko ukutani hupokea tarakimu 20 na kutoa yuniti bila kuuliza ni saa ngapi. Mita ya pili isipofungwa, zile yuniti 25 za taa na redio zitaendelea kulipiwa bei ya ngazi ya juu kwa ajili ya gari lililolala uani.