Mkoa wa Mara na Matawi Mawili ya Bonde la Ufa

Gamba la dunia si kipande kimoja. Limegawanyika katika mabamba ya miamba yanayosogea milimita au sentimita chache kwa mwaka. Katika mipaka yake, mabamba hayo huachana, hugongana au husuguana ubavuni. Milima ya Himalaya imetokana na kugongana. Afrika Mashariki ni eneo la kuachana.

Ramani zinazoonesha Bonde la Ufa kama mstari mmoja huficha jambo muhimu kwa wakazi wa Mara: bonde hilo lina matawi mawili. La mashariki hupita katika maziwa Natron na Manyara, penye Mlima Oldonyo Lengai, volkano ambayo ingali hai. La magharibi hufuata maziwa Albert, Kivu na Tanganyika. Musoma, Bunda na Butiama zipo katikati, juu ya bamba dogo ambalo wanajiolojia huliita Bamba la Viktoria. Kiini chake ni miamba yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, ikiwamo ile yenye dhahabu ya Buhemba, wilayani Butiama. Ufa haukuupasua mwamba huo mgumu. Uliuzunguka pande zote mbili.

Ziwa Victoria nalo ni zao la mwendo huo. Ardhi ya magharibi ilipoinuka, mito iliyotiririka kuelekea huko ilizuiwa, maji yakatuama katikati. Ndiyo maana kina chake ni takribani mita 80 tu, ilhali Ziwa Tanganyika, lililo ndani ya ufa wenyewe, hufikia mita 1,470.

Hata hivyo, kukaa mbali na ufa si kinga kamili. Tetemeko la Septemba 10, 2016 mkoani Kagera, lenye ukubwa wa 5.9, lilitokea mbali na mstari wa ufa, ng'ambo ya ziwa hilohilo. Liliua watu na kubomoa nyumba nyingi.

Kuta za matofali mabichi au mawe yaliyoungwa kwa udongo ndizo huanguka mapema, na udongo laini wa ufukweni hutikisika zaidi kuliko mwamba. Mkanda wa zege unaozunguka kuta zote juu ya madirisha, ambao mafundi huuita lenta, huzifunga kuta zisiachane kwenye pembe nyumba inapotikiswa.