Jicho la Kioo Juu ya Mtutu

Wengi wetu hapa Nyasho tunaijua darubini ya bunduki kutokana na sinema. Muuaji yuko juu ya ghorofa, anafumba jicho moja, msalaba mweusi unatulia juu ya paji la uso wa mtu, na hadithi inaishia hapo. Mimi niliijua kwa njia nyingine. Mjomba wangu alikuwa askari wa wanyamapori, mmoja wa wale ambao wazee wa Mara waliwaita mabwana nyama. Baada ya uwindaji wa kitalii kufunguliwa tena mwaka 1978, kazi yake mara nyingi ilikuwa kufuatana na wageni wenye leseni, ili kuhakikisha kwamba wanapiga kile walicholipia na si kingine. Yeye mwenyewe alibeba bunduki nzito ya serikali isiyo na darubini. Lakini alizitazama nyingi za wageni, na alipostaafu alikuwa na mengi ya kusema juu yake.

Kifaa hiki si cha jana. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya mwaka 1861 hadi 1865, walenga shabaha wachache walikuwa tayari na mirija mirefu yenye lenzi iliyofungwa juu ya mitutu. Hata hivyo, wawindaji wa pembe waliokuja Afrika ya Mashariki mwanzoni mwa karne ya 20 hawakuijali sana. Walter Bell, aliyeitwa Karamoja kwa sababu ya safari zake za Uganda, aliua tembo zaidi ya elfu moja, wengi wao kwa bunduki ndogo ya milimita 7 na alama za kawaida za chuma. Alisogea karibu, na alijua ubongo wa tembo ulipo. Hayo mawili yalimtosha. Sisemi hivyo kwa kumsifu, maana tembo elfu moja ni wengi mno. Nasema tu kwamba hawakuuawa kwa kioo.

Vita vya 1914 ndivyo vilivyoipa darubini jina baya. Wajerumani, ambao kwao kuwinda kwa darubini alfajiri na magharibi kulikuwa desturi, walizipeleka bunduki zao za uwindaji kwenye mahandaki ya Ufaransa. Waingereza walijifunza kwa maumivu. Mmoja wa walimu wao alikuwa Hesketh-Prichard, mwindaji na mwandishi, na katika juhudi zao walitumia hata bunduki za tembo ili kutoboa ngao za chuma ambazo wadunguaji wa Kijerumani walijificha nyuma yake. Silaha iliyotengenezwa kwa ajili ya nyika zetu ikaenda kuua watu Ulaya.

Huku kwetu mambo yalikuwa tofauti. Sehemu kubwa ya askari wa jeshi la Kijerumani walianza vita wakiwa na bunduki za mtindo wa mwaka 1871, zenye kutumia baruti nyeusi. Kila risasi ilitoa wingu la moshi lililomficha adui na wakati huohuo kumtangaza mpigaji. Darubini ingefaa nini hapo? Tarehe 4 Januari 1917, pale Beho Beho kusini mwa Tanganyika, mwindaji mashuhuri Frederick Selous, mzee wa miaka 65, aliinua kichwa na darubini yake ya macho ili aone adui alipo. Alipigwa risasi akafa papo hapo. Mjomba alipenda kukitaja kifo hicho kila alipomwona kijana akichungulia kioo muda mrefu na kusahau kutazama pembeni.

Baada ya vita darubini ikashuka bei. Mwaka 1930 Mmarekani Weaver alitoa ya kwake kwa dola 19, pamoja na kifungio chake. Tatizo likabaki ukungu: hewa yenye unyevu ilinaswa ndani ya mrija, na baridi ya alfajiri ikaigeuza matone juu ya lenzi. Mwaka 1947 kampuni ya Leupold, nayo ya Marekani, ilianza kuuza darubini iliyojazwa naitrojeni kavu na kuzibwa kabisa. Kwa nchi yenye mvua za masika na umande wa ziwani, hilo lilikuwa jambo kubwa kuliko kukuza picha.

Wakati huohuo Serengeti ilikuwa imegunduliwa na wenye magari. Simba waliuawa kwa wingi katika miaka ya 1920. Mwaka 1925 kikundi cha Wamarekani, akiwamo daktari Saxton Pope na mwandishi Stewart Edward White, walikuja Tanganyika kuwinda simba kwa upinde, huku wenzao wenye bunduki wakiwalinda. Waikoma na Wanata, ambao babu zao walikuwa wakiwinda kwa upinde na mishale ya sumu katika nyika hizohizo, bila shaka walikuwa na la kusema. Mwaka 1929 Serengeti ilifanywa pori la akiba, na mwaka 1951 hifadhi ya taifa. Mzungu mwenye upinde alikuwa mwanamichezo; Mwikoma mwenye upinde akawa jangili. Siwatetei majangili wa leo, wenye nyaya na pikipiki, lakini haki ya historia inataka jambo hilo lisemwe.

Narudi kwa mjomba. Siku moja, katika pori moja la uwindaji, mgeni alifika na darubini kubwa yenye kukuza mara kumi na mbili. Aliona nyati mbali sana, ng'ambo ya korongo. Mjomba na mwindaji bingwa walimwomba wasogee. Akajibu kwamba anamwona vizuri mno, hata nzi aliye juu ya pembe. Alipiga, nyati akapepesuka, akaingia kichakani. Sheria inamtaka mwindaji amfuate mnyama aliyemjeruhi, na akimpoteza mnyama wa hatari atoe taarifa. Walimfuata hadi giza likaingia. Kesho yake asubuhi nyati yule akamkuta mchunga ng'ombe kisimani na kumpasua paja. Kijana alipona, ila hakutembea sawasawa tena.

"Mjomba," aliniambia, maana nasi huitana hivyo sote wawili, "kioo kilimleta nyati karibu na jicho lake. Hakikuileta risasi karibu na nyati."

Kutoka hapo ndipo lilipotoka somo lake la kuchagua. Gawanya upana wa lenzi ya mbele kwa idadi ya mara inazokuza. Lenzi ya milimita 32 inayokuza mara nne hutoa mwali wa mwanga wenye upana wa milimita 8, ambao ni mwingi kuliko mboni inavyoweza kupokea hata magharibi. Lenzi hiyohiyo ikikuza mara tisa hutoa milimita tatu na nusu tu, na jua likizama unabaki na kivuli. Tena kukuza sana hukuza kila kitu: mtetemo wa mkono, mapigo ya moyo, na yale mazigazi ya saa nane mchana yanayomfanya pofu aonekane kama anaogelea. Kwa wanyama wakubwa wa hatari, ambao hapa nchini kipenyo cha chini kinachokubaliwa ni .375, yeye alipendelea ile inayokuza kidogo, yenye pete zinazofunguka kwa mkono ili alama za chuma zitumike mnyama akija mbio.

Juu ya kufunga alikuwa mkali kuliko yote. Kitako cha darubini na skrubu zake vipanguswe mafuta kwanza. Pete zikazwe kidogokidogo kwa zamu, kama fundi anavyokaza nati za gurudumu, bila kuuponda mrija. Msalaba uwe wima, la sivyo kila rekebisho la juu litakupeleka pembeni. Jicho likae kama sentimita tisa nyuma ya kioo. Bunduki nzito hupiga teke, na anayekaribia sana hupata jeraha la nusu mwezi juu ya nyusi. Aliwaona wageni watatu wenye alama hiyo, na kwa adabu hakuwauliza. Kisha bunduki ipigwe shabaha upya baada ya kila safari ya ndege na kila siku ya barabara ya mashimo, hata kama mwenyewe anaapa kwamba haikuguswa.

Na utunzaji? Vumbi la Serengeti ni majivu ya volkano, lina ncha kali. Anayepangusa lenzi kwa mkono wa shati anaipiga msasa. Vumbi lipeperushwe kwanza, kisha brashi laini, na kitambaa kiwe cha mwisho. Darubini isifungiwe miezi ndani ya mkoba wa ngozi, maana katika unyevu wa Musoma kuvu huota juu ya kioo kama utando wa buibui, na kuvu ikishakula lenzi haitoki.

Leo katika nchi ileile darubini hukaa pia juu ya bunduki ya sindano ya usingizi. Mwaka 1994, ugonjwa wa virusi vya mbwa ulipoua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, damu iliyofichua chanzo ilitoka kwa simba waliolazwa kwa sindano hizo. Faru weusi tisa walioletwa Grumeti kutoka Afrika Kusini mwaka 2019 nao hawakusafirishwa wakiwa macho kabisa. Sindano huruka polepole na huyumbishwa na upepo, kwa hiyo daktari husogea hadi mita thelathini au arobaini, akatafuta msuli mnene wa paja au wa bega. Akishapiga hutazama saa yake, kisha hukaa kimya akimsubiri mnyama alale.