Zawadi Ambazo Wenyewe Hawakuzitoa: Mafuvu ya Afrika Mashariki katika Mikusanyo ya Berlin

Katika vyuo vikuu vya Ulaya na majumba yake ya makumbusho, mgeni huonyeshwa vyumba vya mbele: makabati ya vioo, mikuki, ngoma, na karatasi ndogo zenye jina la mtu aliyevitoa. Vyumba vya nyuma vina masanduku. Hayo ndiyo tutakayoyatazama katika makala hii, maana ndani yake wamewekwa watu wa Moshi, wa Iringa na wa Rwanda, wakahesabiwa miongoni mwa vitu vilivyopokewa kwa shukrani.

Mwaka 1889 serikali ya Ujerumani iliagiza kwamba vitu vilivyokusanywa na misafara iliyogharimiwa na dola vipelekwe Berlin. Felix von Luschan, daktari aliyefanya kazi katika makumbusho ya mji huo na baadaye akawa profesa wa chuo kikuu, alitoa mwaka 1899 maelekezo kwa wale waliokuwa Afrika na Oceania juu ya namna ya kukusanya. Watoaji, basi, walikuwa maofisa, madaktari wa jeshi na wasafiri. Tangu lini mtu akatoa zawadi ya kichwa kisicho chake?

Kwa miaka mingi mkusanyo wa Luschan ulihamishwa kutoka taasisi moja hadi nyingine, mwisho ukawa chini ya hospitali ya chuo kikuu, Charité, hata mwaka 2011 ulipokabidhiwa kwa shirika linalosimamia makumbusho ya taifa ya Berlin. Ndipo uchunguzi ulipoanza kwa bidii, wataalamu wa Rwanda wakishirikishwa. Mafuvu 1,135 yalifuatiliwa asili yake: 904 yalionekana kutoka nchi ambayo leo ni Rwanda, 202 Tanzania, na 22 Kenya. Wingi wa yale ya Rwanda hautushangazi tukikumbuka msafara wa Mtawala wa Mecklenburg wa miaka 1907 na 1908, ambamo Jan Czekanowski alikusanya mafuvu kwa mamia.

Kwetu Kilimanjaro habari hii ina tarehe yake. Tarehe 2 Machi 1900 watu 19 walinyongwa huko Moshi kwa amri ya Wajerumani, Mangi Meli akiwa mmoja wao. Wazee wamesimulia siku zote kwamba kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Sisi Walutheri hatuwezi kuisimulia miaka ile kana kwamba haituhusu. Mwezi Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Leipzig, Ovir na Segebrock, waliuawa katika Meru, na kisasi cha jeshi kikawaangukia watu wa Meru na Arusha. Majina ya hao wawili yamo katika vitabu vyetu vya historia ya Kanisa, na ni haki yawemo. Majina ya waliouawa katika kisasi ni machache mno tunayoyajua.

Iringa ilitangulia kudai. Mkwawa alijiua mwaka 1898, na Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, katika kifungu cha 246, uliwataka Wajerumani walitoe fuvu lake. Miaka ilipita. Ni Gavana Twining aliyekwenda mwenyewe kulitafuta katika makumbusho ya Bremen, nalo likarudishwa Kalenga mwezi Juni 1954. (Inafaa tukumbuke kwamba mrudishaji alikuwa mtawala mwingine wa kikoloni, mwenye haja zake.) Lililorudi lilitambuliwa kwa kupimwa na kulinganishwa tu, kwa kuwa njia nyingine haikuwapo.

Leo ipo. Mwezi Septemba 1923 isingewezekana. Mwezi Septemba 2023 ilitangazwa Berlin kwamba kati ya mafuvu manane yaliyopimwa vinasaba, matatu yamepatiwa jamaa zake walio hai hapa Tanzania. Moja lilikuwa limeandikwa neno "Akida". Mangi Meli hakuwamo katika hayo matatu.

Mwaka huohuo, mwezi Machi, Chuo Kikuu Huria cha Berlin kilizika vipande vya mifupa vipatavyo 16,000 vilivyochimbuliwa kuanzia 2014 katika eneo lake, karibu na taasisi ya zamani iliyochunguza miili ya wanadamu. Haikuwezekana kujua ni vya nani. Kwa hiyo wahusika walikubaliana kuzika bila ibada ya dini yoyote, wasije wakamvika mtu imani isiyokuwa yake. Tunauheshimu uamuzi huo, wala hatudhani kwamba ulitokana na dharau.

Lakini hapa kwetu jamaa wanajulikana, na wengi wao ni washarika wetu. Maandiko hayakunyamaza juu ya jambo hili. Wafilisti walimkata Sauli kichwa, silaha zake wakaziweka katika nyumba ya sanamu ili zitazamwe, na watu wa Yabesh-gileadi wakatembea usiku kucha kuuchukua mwili (1 Sam. 31). Rispa alikesha penye miili ya waliotundikwa, tangu mavuno hata mvua, mpaka mfalme akaona haya akaikusanya mifupa (2 Sam. 21).

Utaratibu wa maziko katika kitabu chetu cha ibada umeandikwa kwa ajili ya aliyebatizwa. Akida yule, kwa kadiri tujuavyo, hakubatizwa. Vitukuu vyake huenda wanaimba kwaya. Familia ikimwita mchungaji, atasoma nini kaburini? Sisi twaona aende, tena avae kanzu yake, na asimame nyuma ya wazee wa ukoo mpaka watakapompa nafasi. Wako wenzetu watakaopinga, na hoja zao si nyepesi. Tungependa zisikilizwe katika mikutano ya wachungaji mapema, wala si siku sanduku linaposhushwa uwanja wa ndege.