Kupima utendaji wa mitambo ya upepo

Ni hesabu ya kulinganisha umeme unaozalishwa na mtambo wa upepo na ule ambao ungeweza kuzalishwa, au, kwa desturi ya siku hizi, na thamani ya umeme huo sokoni. Kipimo cha kale ni uwiano wa uzalishaji: mtambo wa megawati 2, ukifanya kazi mwaka mzima kwa nguvu zake zote, ungetoa megawati-saa 17,520; ukitoa 5,256, uwiano wake ni asilimia 30. Kipimo hicho kilitosheleza Ujerumani baada ya sheria ya mwaka 2000 kuwadhaminia wenye mitambo bei maalumu kwa kila uniti, pasi na kujali saa wala msimu. Lakini tangu 2008, mnada wa umeme wa siku inayofuata uliporuhusu bei kushuka chini ya sifuri, mambo yamegeuka, kwani upepo mkali huifanya mitambo yote izalishe umeme kwa pamoja, nayo hujiharibia bei yenyewe. Na mtambo uliozimwa kwa makusudi ili kuepuka hasara huhesabiwa, kwa kipimo cha kale, kuwa mvivu, jambo ambalo ni dhuluma iliyo wazi. Kwa sababu hiyo wahasibu hulinganisha wastani wa bei aliyoipata mwenye mtambo na wastani wa soko zima, na saa za kuzimwa kwa makusudi huziandika mbali na saa za kuharibika.